Boga la Picha

Shangazi alipofungua mlango wa jiko saa kumi na moja na nusu alfajiri, jambo la kwanza alilolisikia ni ukimya wa friji. Miaka tisa amepika katika kituo kile cha kulea watoto, na friji ile, mzee mwenzake, humpokea kila siku kwa kunguruma na kukohoa. Leo kimya. Akabonyeza swichi ya taa, giza likabaki pale pale. Akawasha tochi ya simu, akavuta mlango wa friji, na maji yakamchuruzikia viatuni.

Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa jioni. Leo Jumatatu. Kipande cha boga alichokiacha rafu ya chini, kimefungwa vizuri kwa kitambaa, kilikuwa kimeota ukungu mweupe kama ndevu. Akakibonyeza kwa kidole, kidole kikazama.

"Haya," akajisemea. "Tumekwisha."

Si kwamba Shangazi alikuwa mtu wa kulilia boga. Katika umri wake alikwisha kuona vitu vingi vikioza, vingine vya watu wenye vyeo. Lakini kipande kile kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa njiani anakuja.

Katika watoto thelathini na mmoja wa kituo, mmoja alikuwa hali chakula. Umri wake miaka miwili na miezi mitano, na walezi walimpachika jina la Bi Mkubwa kwa vile alivyokaa kitini, mgongo wima, akaitazama sahani, kisha akaisukuma kwa kidole kimoja kama mwenye nyumba anayekataa maelezo ya mpangaji. Mkate mkavu alikula. Maziwa alikunywa. Kitu chochote chenye rangi hakutaka hata kikae jirani naye. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali, anapiga pasi mashuka kutwa nzima, na hakuwa na ndugu wala jamaa wa kumwachia mtoto.

Kila Jumatatu afisa lishe kutoka ofisi ya mji hupita na fomu. Katika fomu kila mtoto ana kisanduku chake: amekula, au hakula. Mji hutoa unga, sukari na gesi kwa ajili ya mtoto anayekula. Mtoto akiandikwa "hakula" mara tatu mfululizo, nafasi yake anapewa mwingine anayesubiri, na mzazi anakabidhiwa barua inayosema sababu, ili vituo vingine navyo visihangaike naye. Bi Mkubwa alikwisha kuandikwa mara mbili. Leo ilikuwa ya tatu.

Shangazi alikuwa na njia yake ya kuwazoesha watoto mboga, njia ya polepole mpaka walezi walimcheka. Kwanza, mboga haipikwi. Inawekwa mezani nzima, watoto waipigepige, waibingirishe, waikalie wakitaka. Siku nyingine inakatwa mbele yao. Siku nyingine wanaingiza mikono, wanatoa mbegu, wanajipaka. Baada ya hapo kunusa, baada ya kunusa kulamba, baada ya kulamba kuuma, na kutema ni ruhusa. Neno "kula" marufuku. Mwisho kabisa ndipo anapokuja na vikeki vyake: vya rangi ya chungwa vya boga, vya kijani vya mchicha, vyekundu vya bitiruti, kila kimoja ukubwa wa kifuniko cha chupa, bila sukari hata chembe. Watoto wanavila kwa sababu kila mmoja anajua rangi ile imetoka wapi. Aliishika kwa mikono yake.

Kwa Bi Mkubwa kazi hiyo ilichukua siku kumi na moja. Siku ya tatu alilifunga boga leso kichwani akalibembeleza lilale. Siku ya nne, lilipokatwa, alilia mpaka akashikwa na kwikwi, na Shangazi akajua hapo ameula wa chuya. Lakini siku ya nane mtoto alinusa. Ya tisa akalamba. Ya kumi akauma, akatema kwenye kiganja cha Shangazi, akakitazama alichokitema kwa muda mrefu. Ijumaa akameza. Kilikuwa kipande kama ukucha, lakini alimeza, akapanua mdomo kuonyesha kwamba hakimo. Siku hiyo Shangazi alipanda ngazi za nyumbani kwake magoti hayamuumi.

Sasa hiki hapa, kimeota ndevu.

Akakitupa pipani, akafunga jiko, akatoka mbio za mtu mzima mpaka kona, kwa mwanamke anayeuza mboga. Muuza mboga ndiyo kwanza anapanga mafungu yake juu ya magunia.

"Shikamoo, Shangazi. Mbona unahema?"

"Marahaba. Nikatie kipande cha boga, mwanangu. Kidogo tu, kama kiganja."

"Sikati siku hizi."

"Tangu lini?"

"Tangu mafuta ya gari yapande. Boga moja sasa linauzwa bei ya mawili ya mwezi uliopita. Nikikata, wewe ukaondoka na kiganja chako, kinachobaki kinaniozea mimi. Chukua zima, nitakupunguzia."

Shangazi hakuwa na haja ya kufungua pochi. Alikijua kilichomo: nauli ya kurudia nyumbani.

"Nina mtoto mmoja tu wa kumpa," alisema. "Hata vikombe viwili vya chai havijai."

"Shangazi, mimi nakupenda, lakini usinitie majaribuni asubuhi. Wewe ni wa tano tangu juzi kuniomba kiganja. Wote wana mtoto mmoja tu."

"Mkuu wangu akija saa moja nitarudi na pesa."

"Sawa. Utalikuta, au utakuta limeuzwa, au utalikuta na bei nyingine. Siahidi."

Aliporudi, dobi alikuwa amesimama getini, mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imechanikachanika kwa dawa za kufulia, na asubuhi ile uso wake ulikuwa na kitu ambacho Shangazi hakuwahi kukiona hapo. Alikuwa anacheka.

"Shangazi, umemfanya nini mwanangu? Ameamka na boga mdomoni. Chooni boga, njiani boga. Mzee mmoja kanisimamisha barabarani kaniuliza kama nauza."

Bi Mkubwa alichungulia juu ya bega la mama yake. "Boga?"

Lilikuwa swali la kistaarabu kabisa. Shangazi alihisi furaha ikimpanda, kisha ikakwama njiani.

"Baadaye, Bi Mkubwa."

"Boga," mtoto alikubali.

Dobi alimshusha, akamnyoosha gauni, akasogea karibu na Shangazi na kushusha sauti. "Leo ndiyo leo, siyo?"

"Ndiyo leo."

"Maana wakimtoa huku, mimi sina pa kushika. Mwezi uliopita mlipofunga siku mbili nilimficha chini ya meza ya mashuka. Msimamizi alipomwona, alisema akimkuta tena tutoke wote wawili, mimi na yeye. Na yule hatanii."

Angeweza kumwambia hapo hapo kwamba boga limeoza. Alifungua mdomo kabisa. Lakini dobi alikuwa na dakika ishirini za kufika kazini, na kicheko kile bado hakijamtoka vizuri usoni.

"Nenda usichelewe," alisema Shangazi. "Hawamtoi."

Alijuta neno lile kabla halijamaliza kumtoka.

Mkuu wa kituo, ambaye wote walimwita Madamu, alifika saa moja na robo akiwa na kimfuko cha nailoni. Hakuwa mtu mbaya wa roho. Alikuwa mtu aliyebishana na ofisi ya mji miaka mingi mpaka siku moja akaacha, na tangu hapo alisema mambo yote kwa sauti moja, ya furaha na ya msiba.

"Pesa ya mboga haijaingia," alisema. "Wiki ya tatu sasa. Nimepiga simu mpaka mlinzi wao ananisalimia watoto."

"Madamu, nataka boga moja tu. La Bi Mkubwa."

"Ningekuwa nayo nisingekupa? Hata vocha ya simu nimekopa." Akafungua kimfuko, akapanga vichupa vitatu juu ya meza ya jiko. Nyekundu, kijani, chungwa. "Hivi nimenunua kutoka mfukoni mwangu, kwa hiyo usinitazame hivyo."

Shangazi alikishika kichupa cha chungwa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hizi ni rangi za kupambia keki za harusi."

"Fomu inataka sahani yenye rangi tatu. Haisemi rangi ya nini."

"Na mwaka huu wote niliopika mboga?"

"Ulipika vizuri. Leo pika unga."

"Na Bi Mkubwa? Yule hatakula unga wa rangi."

"Tia sukari," alisema Madamu, akichukua daftari lake. "Mtoto gani anakataa sukari? Sukari tunayo, wametuletea gunia zima. Kwa nini walete sukari na wasilete karoti, mimi na wewe hatutajua mpaka tunaingia kaburini."

Basi Shangazi akapika unga. Alikanda donge kubwa, akaligawa mara tatu, akadondosha matone. Alizoea rangi inayokuja yenyewe taratibu: bitiruti ikikunwa inachafua mpaka kiwiko, mchicha ukipondwa unanuka kama mvua. Hizi zilikuja mara moja, kali, bila harufu. Vidole vikageuka vyekundu, akavisugua kwa chumvi, wekundu usitoke. Saa nne kasorobo alikuwa na vikeki tisini na vitatu kwenye sinia tatu, na lazima isemwe ukweli, vilipendeza kuliko vyote alivyowahi kupika. Ndicho kilichomuudhi zaidi.

Afisa lishe aliingia saa nne kamili. Kijana mrefu, shati limechomekewa, viatu vina vumbi la vituo viwili alivyokwisha kupita. Vingine vitatu vilimsubiri baada ya hapa. Mkono mmoja fomu, mkono mwingine kikapu.

Hicho kikapu kilikuwa kitu kipya, na Shangazi alipoona kilichomo alishika ukingo wa meza. Karoti nne. Fungu la mchicha. Bitiruti mbili. Na juu yake boga dogo la mviringo, la chungwa, kavu na safi kama lililopakwa mafuta.

"Ripoti siku hizi inataka picha ya mboga mbichi mbele ya watoto," afisa alimweleza Madamu, bila aibu na bila fahari. "Vituo vingi vinasema havina. Kwa hiyo nakuja nayo."

"Mnatuachia?" aliuliza Shangazi.

Afisa alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Ni ya picha, Shangazi. Nazunguka nayo. Mchicha naubadilisha kila siku mbili, hilo boga litafika mwisho wa mwezi."

Kikapu kikawekwa mezani, watoto wakasogezwa nyuma yake, simu ikapiga picha mara tatu kwa kuwa mmoja alikuwa anachokonoa pua. Kisha kikashushwa chini ya meza, na vikeki vikapita.

Watoto walivivamia. Kwa nini wasivivamie? Ilikuwa sukari. Kwa dakika mbili chumba kilijaa midomo myekundu na ndimi za kijani, na afisa akapita nyuma ya viti akitia alama, tiki, tiki, tiki, mpaka kiti cha mwisho karibu na dirisha.

Bi Mkubwa alikuwa amekichukua kikeki cha chungwa mwenyewe, bila kuambiwa. Shangazi, amesimama mlangoni mwa jiko, aliona mkono ule mdogo ukinyanyuka. Kula, mwanangu, alijisemea kimoyomoyo, yeye aliyelipiga marufuku neno hilo. Kula hata kama ni uongo. Kula leo tu.

Mtoto akakikata vipande viwili, kama alivyofundishwa. Akatazama ndani. Akanusa. Akanusa tena upande wa pili. Akalamba. Kisha akakirudisha sahanini na kuisukuma sahani kwa kidole kimoja.

"Siyo boga," alisema.

"Ni tamu, hebu onja," mlezi wake alimbembeleza. "Mm! Tamu!"

"Siyo boga." Akateremka kitini, akapita chini ya meza kwa magoti, na alipoibuka upande wa pili alikuwa amelikumbatia boga la kikapuni kwa mikono yote miwili. "Boga," alimwambia afisa, kwa subira, kama mtu anayemwelekeza mgeni.

Watu wazima walicheka. Afisa naye alicheka, akainama, akalibandua boga mikononi mwake. "Hili ni la picha, mtoto." Akalirudisha. Akasimama, akatazama sahani iliyosukumwa, akatazama fomu, akatia alama.

Madamu alitazama pembeni. Shangazi aliona kalamu ikienda, na kutoka pale mlangoni alijua imekwenda upande gani.

Mtoto hakulia. Alibaki amesimama mikono imekaa vile vile, umbo la boga bado limo.

Madamu alimkaribisha afisa ofisini kwa chai. Mlezi akawapeleka watoto kunawa. Chumba kikabaki na Shangazi, na Bi Mkubwa, na kikapu. Baadaye watu walimuuliza alifikiria nini, naye alijibu ukweli, kwamba hakufikiria kitu. Alikuwa amechoka, na boga lilikuwa pale. Akalibeba kwapani, akamshika mtoto mkono, wakaingia jikoni.

Alimketisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, mahali pake pa siku zote. Kisu kikaingia kwa mlio wa ukavu. Bi Mkubwa aliingiza mkono, akatoa mbegu mbili, akazipanga gotini. Shangazi alikata vipande vyembamba kama karatasi ili viive upesi, akaviweka kwenye mvuke, akaviponda, akachanganya na unga kidogo, akamimina matone kwenye kikaango kikavu. Dakika kumi na mbili. Harufu ilipoanza kutoka, mtoto alifumba macho.

Alipovirudisha chumbani, Bi Mkubwa akimtangulia, afisa alikuwa ametoka ofisini na Madamu nyuma yake. Mtoto alipanda kitini kwake mwenyewe. Shangazi akaweka sahani, akakaa kiti cha jirani, akatazama dirishani, kama ilivyo desturi yao.

Bi Mkubwa alikata, akanusa, akatia mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akachukua cha pili, na cha tatu.

Akafika cha nne. Ndipo afisa alipoinama kuchukua kikapu chake, akabaki ameinama.

"Boga liko wapi?"

"Analimalizia hapo," alisema Shangazi.

"Mama yangu wee," alisema Madamu.

"Shangazi, nina vituo vitatu vimebaki." Afisa alisema kwa sauti ya mtu aliyepotewa na ufunguo. "Picha zitatoka vipi?"

"Kijana wangu, boga limepikwa, halirudi. Hilo liache. Mtazame huyo. Umemwona kwa macho yako anakula mboga, mezani, kwenye kiti chake. Andika."

Afisa alimtazama mtoto. Alitazama kwa muda, na uso wake, mtu angeapa, ulilainika. Kisha akatazama fomu.

"Imeshajazwa kwa wino," alisema. "Ina nakala tatu chini. Nikifuta, wataniambia nimeghushi."

"Jaza nyingine."

Akasogea karibu, akateremsha sauti watoto waliorudi kunawa wasisikie, kana kwamba wao ndio wa kuogopwa. "Nikiandika amekula boga, wataniuliza boga limetoka wapi wakati pesa haijatumwa. Nikisema la kikapuni, wataniuliza kikapu ni cha nini. Hapa kuna watoto thelathini wameandikwa wamekula mboga leo. Unataka niwaharibie wote kwa sababu ya huyu mmoja?"

"Hakuna aliyekula mboga hapa isipokuwa huyu mmoja."

"Najua," alisema afisa.

Alisema kweli, na alikuwa na haya, hilo Shangazi alimpa haki yake. Lakini haya zake hazikubadilisha tiki. Aliondoka na kikapu chenye karoti nne, fungu la mchicha na bitiruti mbili, na getini alisimama kidogo kuzipanga upya zifiche pengo.

"Tena," alisema Bi Mkubwa, akinyoosha sahani.

Mchana ulikwenda kama michana yote. Sufuria zilioshwa, vyungu vya watoto vilimwagwa, na mlezi alipiga kelele chooni kwa kilichotoka kijani. Umeme ulirudi saa nane, friji ikaanza kunguruma ikiwa haina kitu. Madamu hakuja jikoni hata mara moja. Shangazi alisikia mashine ya kuchapia ofisini, mstari kwa mstari, na alijua ni barua ya nani.

Dobi alifika saa kumi. Alipewa bahasha getini, akaisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi kwenye ngazi ya jiko. Shangazi alikaa karibu naye. Magoti yalikuwa yamerudi kuuma.

"Amekula au hakula?" aliuliza dobi.

"Amekula. Vitano, akaomba tena."

"Basi mbona imeandikwa hapa hakula?"

Shangazi alimweleza yote tangu friji. Hakujificha. Alimwambia hata pale asubuhi aliponyamaza getini, na kwamba angekuwa na roho angemwambia. Dobi alisikiliza, barua imekunjika gotini. Shangazi alipofika kwenye habari ya kikapu, dobi alianza kucheka, si kile kicheko cha asubuhi.

"Kwa hiyo angekula unga wa rangi wangemwacha," alisema. "Wametutoa kwa kuwa mtoto analijua boga."

Shangazi alisugua kidole chake chekundu kwenye aproni.

"Na barua hii nikifika nayo kituo kingine?"

"Wataisoma."

"Na nisipokuwa nayo?"

"Wataiomba."

Bi Mkubwa alikuwa anapanga mbegu zake kwenye ngazi, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Dobi alimtazama, akajifuta uso kwa mgongo wa mkono uliochanika, akasema kesho ana zamu ya saa kumi na mbili na nusu. Hakuwa anamwambia mtu. Alikuwa anasema tu.

"Shangazi!" Madamu aliita kutoka mlango wa ofisi. "Njoo utie sahihi, nifunge."

Ilikuwa fomu ya mpishi, ile ya kila Jumatatu, na Madamu alikuwa amekwisha kuijaza ili kumrahisishia. Mboga zilizopikwa leo: karoti, mchicha, bitiruti, boga. Watoto waliokula: thelathini. Chini, mstari wa sahihi. Kila wiki Shangazi hutia sahihi bila kusoma, akiwa na mkoba begani tayari.

Leo aliweka mkoba chini. Akasoma mstari kwa mstari, kwa kidole chenye wekundu usiotoka. Kisha akakata karoti. Akakata mchicha. Akakata bitiruti. Akaliacha boga peke yake. Akakata thelathini, akaandika pembeni: mmoja. Na kwa kuwa nafasi ilikuwepo, akaandika umri wa mtoto, kazi ya mama yake, na neno "amekula", akitilia mkazo kila herufi mpaka karatasi za chini zikashika maandishi.

Akatia sahihi. Akang'oa nakala ya rangi ya waridi, ambayo kwa kanuni ni ya mpishi mwenyewe, akatoka nayo nje, akaiweka mkononi mwa dobi juu ya ile barua.

"Wakikuuliza kama anakula, waonyeshe hii. Ina muhuri wao." Kisha akaingia jikoni, akatoka na nusu ya boga iliyobaki, imefungwa ndani ya aproni yake. "Kata nyembamba. Na usimwambie ale. Wewe kula karibu naye, tazama pembeni."

Dobi alishika karatasi kwa mkono mmoja na boga kwa mkono mwingine, hana mkono wa kumshika mtoto. Bi Mkubwa alishika gauni la mama yake mwenyewe.

Madamu alikuwa mlangoni na zile nakala zilizobaki, ameishiwa rangi. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi sauti yake ilikuwa na kitu ndani yake.

"Unajua hii ikifika mjini kesho huna kazi? Unajua mimi mwenyewe sitapona? Shangazi, tafadhali. Rudi ndani, nikupe fomu nyingine, tuijaze vizuri."

Shangazi aliokota mkoba wake sakafuni, akaupangusa vumbi.

"Imeshajazwa kwa wino, Madamu," alisema. "Ina nakala tatu chini."